Msitu wa Shimba na Sisi Tunaoishi Ukingoni Mwake

Asubuhi ya mwezi wa Juni, mtu anayepanda matatu Ukunda huwa amevaa shati jepesi na jua limeshaanza kumchoma shingo. Akifika Kombani, matatu ikianza kupanda kuelekea Kwale, hewa inabadilika. Mjini Kwale anakuta watu wamevaa sweta, vioo vya magari vina umande, na miti iliyo nyuma ya mji imefunikwa na ukungu. Tofauti hiyo ndogo ya hewa, ambayo wengi wetu tumeizoea hata hatuioni tena, ndiyo inayoifanya kaunti yetu kuwa na mito. Ndiyo pia sababu ya kuwepo msitu wa mvua juu ya vilima vilivyo kama kilomita 15 tu kutoka baharini.

Msitu huo ndio Hifadhi ya Kitaifa ya Shimba Hills. Kila mtu Kwale anaujua kwa jina. Lakini ukikaa barazani, maswali ni yale yale: maji yanayotoka humo yanakwenda wapi, ndovu ni wa nani, na shamba likiliwa usiku mmoja nani atalipa. Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo kwa utaratibu, tukianza na mvua, kwa kuwa mengine yote yanatokana nayo.

Kilima kifupi, mvua nyingi

Vilima vya Shimba si virefu. Vinainuka ghafla kutoka uwanda wa pwani, na sehemu yake ya juu kabisa inafika kama mita 450 juu ya usawa wa bahari. Jirani yetu wa Taita, aliyezoea kilele cha Vuria chenye zaidi ya mita 2,200, angeviita vichuguu. Hata hivyo, vina bahati ya mahali vilipo. Upepo wa kusi unapovuma kutoka baharini unakuja umebeba mvuke, na kikwazo cha kwanza unachokutana nacho ni hivi vilima. Hewa inalazimika kupanda. Ikipanda inapoa, na ikipoa mvuke unageuka matone. Mengine yanashuka kama mvua, na mengine yananing'inia kama ukungu unaolowesha majani hadi jua litakapopata nguvu.

Kwa mwaka, mvua katika hifadhi ni kati ya milimita 855 hivi na 1,682, kutegemea uko upande gani. Upande unaotazama bahari ndio unaopata sehemu kubwa. Upepo ukishavuka vilima unateremkia upande wa Kinango ukiwa umekwisha kutua mzigo wake. Ndiyo maana mtu wa Kubo anaweza kupanda migomba, huku mwenzake wa Kinango, ambaye kwa ndege si mbali naye, akitazama mawingu yanampita.

Mvua peke yake haitoshi kuleta maji ya mwaka mzima. Mvua kubwa ikipiga ardhi tupu inateremka mbio, inachukua udongo, na baada ya siku mbili mto umerudi kuwa mchanga mkavu. Katika msitu, tone linaangukia kwanza jani la juu, kisha majani ya chini, kisha zulia la majani yaliyooza. Hapo linazama polepole. Chini ya udongo wa Shimba kuna mawe ya mchanga yanayopitisha maji na kuyahifadhi, nayo yanatoka baadaye chini ya miteremko kama chemchemi, hata mwezi wa Februari ambapo hakuna aliyeona wingu kwa wiki kadhaa.

Maji yanakwenda wapi

Chemchemi inayojulikana zaidi ni Marere. Tangu miaka ya 1920 maji yake yamekuwa yakipelekwa kwa bomba hadi Mombasa, na hadi leo ni mojawapo ya vyanzo vikuu vinne vya maji ya Pwani, pamoja na Mzima, Baricho na visima vya Tiwi. Mtu wa Likoni akifungua mfereji hafikirii msitu, lakini huenda maji yanayojaza ndoo yake yalianza kama ukungu juu ya Kwale.

Hapa pana lalamiko la zamani, na hakuna haja ya kulizunguka. Wako wakazi wanaoliona bomba likipita huku wao wakibeba mitungi kichwani. Kisheria, maji ya kiwango kikubwa yanayovuka kutoka kaunti moja hadi nyingine yako chini ya shirika la maendeleo ya maji la Pwani, ambalo ni la serikali ya kitaifa. Kuyasambaza maji kwa wateja ndani ya Kwale ni kazi ya kampuni ya maji ya kaunti. Kwa hiyo, ukiwa na malalamiko kuhusu mfereji wa kijijini kwako, peleka kwa kampuni ya kaunti na kwa msimamizi wa wadi. Ukiwa na hoja kuhusu mgao kati ya Mombasa na Kwale, mahali pake ni vikao vya kushirikisha umma na kwa wawakilishi wako, kwa sababu hoja hiyo inaamuliwa kati ya serikali mbili.

Maji mengine hayaingii bombani. Mito ya Mkurumudzi na Kidogoweni inateremka kutoka vilima vya Shimba hadi ghuba ya Gazi, na huko ndiko ilipo mikoko inayotunzwa na wanakijiji kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, mradi unaouza hewa ya ukaa na kutumia mapato kwa mambo ya kijiji. Mikoko inahitaji maji ya chumvi yachanganyike na maji baridi. Mto ukija na matope kupita kiasi, matope hayo yanatua juu ya mizizi ya mikoko, na yakipita hapo yanafika kwenye nyasi za bahari ambako samaki wadogo hukulia. Mvuvi wa Gazi naye, kwa hiyo, ana hisa katika msitu ambao huenda hajawahi kuingia.

Ni wa nani?

Sehemu kubwa ya eneo hili ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1903. Maeneo ya nyasi yaliongezwa mwaka 1924, na baadaye vipande vingine. Mwaka 1968 sehemu kubwa ilitangazwa mara ya pili, sasa kama hifadhi ya kitaifa ya wanyamapori. Tangazo la kwanza halikufutwa. Ndiyo maana mahali pale pale pana walinzi wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na pia maafisa wa Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Watu wengi hudhani kuna mvutano wa mamlaka, lakini ni kwamba sheria mbili zinalinda ardhi moja: mmoja anashughulika na mti na mwingine anashughulika na mnyama. Misitu miwili midogo iliyo upande wa magharibi, Mkongani Kaskazini na Mkongani Magharibi, ilibaki kuwa misitu ya hifadhi peke yake.

Na kaunti? Chini ya Katiba ya 2010, kulinda wanyamapori ni jukumu la serikali ya kitaifa. Kaunti imepewa kazi ya kutekeleza sera za kitaifa kuhusu mazingira, zikiwemo hifadhi ya udongo na maji na misitu. Kilimo, barabara za mashinani na huduma za maji pia ni za kaunti. Kwa maneno mengine, kaunti haina askari ndani ya ua, lakini karibu kila kitu kinachomgusa anayeishi nje ya ua kinapita mikononi mwake.

Kabla ya sheria hizo zote palikuwa na sheria ya kaya. Ndani ya hifadhi pana msitu wa Longo Mwagandi, ambao wazee wanauhesabu miongoni mwa makaya. Kule Kinondo, chini pwani, kaya ya Wadigo imo katika misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Masharti ya kaya yanajulikana na wengi wetu tuliyasikia kwa bibi na babu: hukati mti, hutoki na kitu, hupazi sauti. Mtaalamu wa mimea anayetafuta mti adimu wa pwani huanza kuutafuta kayani, kwa sababu huko ndiko ulikobaki.

Waliomo ndani

Shimba ina zaidi ya aina 1,000 za mimea, na zaidi ya nusu ya mimea inayohesabiwa kuwa adimu nchini Kenya inapatikana humo. Mvule upo, mbambakofi upo, na ndiyo sababu misumeno imekuwa ikiunyemelea msitu huu tangu zamani, kwani mlango wa mbambakofi unafaa nyumba ya wajukuu. Upo pia mtapo, mmea unaofanana na mnazi mfupi wenye majani magumu yenye miiba. Jamaa za mtapo zilikuwepo duniani kabla ya mmea wowote unaotoa maua. Unakua polepole mno. Ukiuona unauzwa kando ya barabara kama pambo la bustani, jua kwamba kuna uwezekano mkubwa umeng'olewa porini, na biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti makali kabisa.

Kwenye madimbwi kuna chura mdogo wa matete, mweusi mwenye michirizi myekundu kama imechorwa kwa kalamu, ambaye anapatikana katika eneo la Shimba tu. Mbega wapo juu ya miti. Kwale ndiyo ngome kuu nchini ya aina ile ya pwani. Chui wapo, ingawa wengi wetu tutaondoka duniani bila kumwona hata mmoja.

Lakini mnyama wa Shimba ni palahala. Dume lake ni jeusi linalong'aa, tumbo jeupe, uso una milia meupe, na pembe zimepinda nyuma kama jambia mbili. Tanzania wako na Zambia wako. Kwa Kenya, hapa ndipo walipobaki peke yake. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu palahala 51. Idadi hiyo inaingia katika basi moja. Ugonjwa mmoja, au miaka miwili ya moto usiodhibitiwa, unaweza kuifuta.

Palahala hakai msituni ndani. Anakula nyasi, na anazitaka zile za uwazi ulio kati ya vipande vya msitu. Kwa hiyo walinzi huchoma baadhi ya maeneo kwa mpango, ili nyasi mpya ziote na vichaka visifunge uwazi. Ukiona moshi ndani ya hifadhi, si lazima iwe hatari. Moto ulio hatari ni ule unaowashwa nje, mtu akisafisha shamba lake mwezi wa Januari au Februari upepo wa kaskazi ukiwa mkali, kisha ukaruka ua.

Ndovu na eneo lililobana

Shimba imekuwa na msongamano mkubwa wa ndovu kuliko sehemu nyingine yoyote Kenya. Ndovu mkubwa anahitaji majani, magome na nyasi ya uzito wa gunia moja na nusu kwa siku. Zamani walikuwa wakitoka vilimani kwenda nyikani upande wa Tsavo mvua zikinyesha, na kurudi kiangazi. Leo njia hizo zina vijiji, barabara na mashamba. Ndovu amebaki na mahali pamoja, naye hana uzazi wa mpango.

Mambo mawili yalifanywa. La kwanza lilikuwa Mwaluganje. Katika miaka ya 1990 wenye mashamba upande wa kaskazini wa hifadhi, ambao walikuwa wamechoka kulima kwa ajili ya ndovu, walikubali kuunganisha ardhi yao iwe hifadhi ya jamii. Ardhi ilibaki yao. Wageni wanalipa kiingilio, na wanachama wanapata mgao kulingana na ardhi waliyotoa. Njia iliyozungushiwa ua inaunganisha Mwaluganje na Shimba ili ndovu wapite bila kukanyaga mashamba. Kinyesi chao kinatengenezwa karatasi na kadi, jambo ambalo wageni hulishangaa kuliko ndovu wenyewe. Udhaifu wa mpango huu uko wazi pia: mgao unategemea wageni, na mwaka ambao watalii hawaji Pwani, mwenye ardhi anabaki na hati ya uanachama na mkono mtupu. Hilo si kosa la wazo lenyewe, ila ni vizuri jamii nyingine zinazofikiria njia hiyo zilijue mapema.

La pili lilifanyika mwaka 2005, wakati KWS ilipohamisha ndovu 150 kutoka Shimba na Mwaluganje hadi Tsavo Mashariki. Ilikuwa kazi kubwa, ya helikopta, dawa za usingizi na malori. Shinikizo lilipungua. Lakini kumhamisha ndovu si kama kuhamisha ng'ombe. Ana kumbukumbu ya njia, na baadhi ya waliohamishwa walirudi kwa miguu, safari ya zaidi ya kilomita 100. Kwa hiyo kuwahamisha kunaweza kununua muda, lakini hakuwezi kuwa jibu la kila mwaka.

Ua, pilipili na nyuki

Leo sehemu kubwa ya mpaka wa hifadhi ina ua wa umeme. Ua huu una pigo kali lakini la muda mfupi sana, la kumshtua mnyama bila kumuua. Unafanya kazi pale tu unapotunzwa. Tawi moja likilalia waya, umeme unapotelea ardhini na kilomita nzima inakuwa uzi tu. Ndovu wanajua. Dume mzoefu hujaribu waya kwa pembe, kwa sababu pembe haihisi umeme, au husukuma mti uangukie ua kisha akapita juu yake.

Basi jambo la kwanza ambalo mkazi anaweza kufanya ni dogo kabisa: ukiona tawi juu ya waya au nguzo imelala, piga ripoti siku hiyo hiyo kwa kambi ya KWS iliyo karibu au kwa chifu. Anayekata waya ili apitishe magogo au atengeneze mitego hamkomoi KWS. Anamfungulia ndovu mlango wa shamba la jirani, na mara nyingi la kwake mwenyewe.

Ndani ya shamba kuna mbinu ambazo zimejaribiwa. Ndovu anawaogopa nyuki, hasa wakimuuma ndani ya mkonga na kuzunguka macho. Kule Sagalla, Taita Taveta, utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba mizinga iliyoning'inizwa kwa waya kuzunguka shamba huwarudisha ndovu wengi wanaojaribu kuingia, na mkulima anavuna asali juu yake. Haifukuzi wote. Mizinga ikiwa mitupu, haifukuzi yeyote, kwa hiyo mtu awe tayari kufuga nyuki kweli. Pilipili kali pia hutumika, ikichanganywa na oili chafu na kupakwa kwenye kamba na vitambaa. Ikinyesha mvua unarudia. Pilipili yenyewe, ufuta na alizeti havimvutii ndovu kama vile mahindi, mhogo, ndizi na miwa. Hakuna atakayekwambia uache kupanda mahindi, lakini ekari ile iliyogusana na ua si mahali pa kuweka chakula chote cha familia.

Lisilofaa ni kumfukuza kwa miguu usiku ukiwa na tochi na mayowe. Watu hufa namna hiyo. Ndovu anakimbia kuliko binadamu yeyote, na gizani hujui kama nyuma yako kuna mwingine mwenye mtoto.

Hasara ikitokea

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inatoa haki ya fidia. Mtu akiuawa na mnyama aliye katika orodha ya sheria hiyo, familia inastahili shilingi milioni 5. Jeraha lililoleta ulemavu wa kudumu ni shilingi milioni 3. Jeraha jingine lolote ni hadi shilingi milioni 2, kulingana na ukubwa wake. Mazao, mifugo na mali nyingine hulipwa kwa bei ya soko ya wakati huo. Ndovu, nyati na chui wamo katika orodha. Tumbili na nyani hawamo, na hili huwashangaza wengi ambao mahindi yao huisha mchana kweupe.

Dai linaanzia kijijini. Usiguse shamba kabla halijaonekana. Nenda ofisi ya KWS iliyo karibu mapema, nyayo zikiwa bado mbichi, na umjulishe pia naibu chifu. Piga picha kwa simu ukiweza: nyayo, kinyesi, mimea iliyovunjwa, na shamba zima kutoka pembeni. Afisa wa kilimo ndiye anayekadiria hasara ya mazao, kwa hiyo mwite, na uwe na uhakika ameandika aina ya zao, ukubwa wa eneo na umri wa mimea. Minazi na mikorosho iliyoanza kuzaa haina thamani sawa na miche. Akiandika "miti kadhaa", mwombe ahesabu.

Kwa jeraha au kifo, mambo ya kwanza ni hospitali na polisi. Karatasi za matibabu, ripoti ya daktari, na kwa aliyefariki cheti cha kifo na uthibitisho wa wanaomrithi, ndizo hati zinazosimamisha dai. Familia nyingi huzika haraka, kama ilivyo desturi na kama dini inavyotaka, kisha zinakosa ripoti ya kitabibu inayoonyesha kilichomuua marehemu. Inawezekana kufanya yote mawili: mwambie daktari na polisi mapema kwamba mazishi ni siku hiyo hiyo.

Dai linakwenda kwa kamati ya kaunti ya uhifadhi wa wanyamapori na fidia, ambayo hulithibitisha na kutoa pendekezo. Madai ya kifo na majeraha yanapelekwa kwa waziri. Ya mazao na mali yanapelekwa KWS. Malipo yote ni ya serikali ya kitaifa, si ya kaunti. Dai la mazao linaweza kukataliwa ikiwa mwenye shamba hakuchukua hatua zozote za kulilinda, au ikiwa analima mahali ambapo mpango wa usimamizi wa eneo hauruhusu kilimo. Ndiyo maana ule uzi wa pilipili na ile mizinga ina faida hata usiku ambao haikufua dafu: ni ushahidi kwamba ulijaribu. Usiporidhika na uamuzi, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira.

Malipo yamekuwa yakichelewa, mara nyingine kwa miaka. Tukisema vinginevyo hakuna atakayetuamini. Kwa hiyo tunza nakala ya kila karatasi, andika nambari ya dai lako mahali ambapo mtoto wako pia anaweza kuiona, na uliza maendeleo yake kila baada ya miezi michache. Dai ambalo halikuandikwa siku ya hasara haliwezi kulipwa hata fedha zikipatikana kesho.

Miti ya nje ya ua

Kuna msitu mwingine unaosahaulika, nao ni ule wa mashambani. Kanuni za misitu ya mashambani za mwaka 2009 zinamtaka kila mkulima awe na miti katika angalau asilimia 10 ya shamba lake. Kwa anayeishi karibu na Shimba, hii ni faida kuliko sheria: kuni na fito zikitoka shambani, hakuna sababu ya kuruka ua. Chagua miti kwa mahali. Mikalitusi inakua haraka na inauzika, lakini inakunywa maji mengi, na haifai kabisa karibu na chemchemi, kisima au kijito. Huko panda miti ya kienyeji. Wanaotaka kushiriki katika utunzaji wa misitu ya hifadhi kwa utaratibu wanaweza kujiunga na chama cha jamii cha misitu, kinachotambuliwa na Sheria ya Misitu ya 2016. Ofisi ya KFS itakueleza kilicho karibu nawe.

Kwenda kuuona

Wengi waliozaliwa Matuga na Msambweni hawajawahi kuingia Shimba, ilhali mgeni kutoka ng'ambo anaingia siku ya pili ya likizo yake. Lango kuu liko karibu kabisa na mji wa Kwale. Raia wa Kenya hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, na malipo hufanywa kupitia eCitizen, kwa hiyo lipia kabla ya kutoka nyumbani na ubebe kitambulisho. Shule huweza kuomba kiingilio cha wanafunzi kwa barua ya mwalimu mkuu.

Nenda asubuhi. Ukungu ukiwa unaondoka, palahala hutoka kula nyasi, na ukipanda penye uwazi unaiona bahari upande wa mashariki. Maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa mita 21, yanafikiwa kwa miguu mkiwa na askari wa KWS. Njia inateremka mwinuko wakati wa kwenda, maana yake wakati wa kurudi inapanda, kwa hiyo vaa viatu vilivyofungwa na ubebe maji ya kunywa. Chupa tupu rudi nayo.